KIPAJI HAKIPIMWI KWA MACHO YA SIKU MOJA

Tarehe 25 Juni 2025, mjini New York, vilabu vya mpira wa kikapu vya Marekani viligawana wachezaji chipukizi kwa zamu. Kijana wa Sudan Kusini, Khaman Maluach, aliitwa wa kumi. Kigali ilikwisha kumwona. Mei 2023 alikuwamo katika klabu ya AS Douanes ya Senegal, iliyofika fainali ya Ligi ya Kikapu ya Afrika katika BK Arena na kushindwa na Al Ahly ya Misri.

Katika timu ile hakuwa tegemeo. Aliyehesabu mabao tu asingemtambua. Tena alikulia ukimbizini nchini Uganda, na mchezo huo aliuanza mwaka 2019. Kimo chake kilionekana na kila mtu, bali kimo hakichezi peke yake. Kilichostahili kupimwa ni kasi ya kujifunza.

Ndugu askari wanalifahamu jambo hili. Kuruta anayeongoza mbio siku ya kwanza si lazima awe hodari siku ya kuhitimu. Mkufunzi mwenye busara hutazama nani anarekebika, nani anatii, na nani hainamishi kichwa baada ya kushindwa.

Vilabu vya APR na Police, vyenye jina la jeshi na la polisi, havina budi kuwatafuta vijana kwa kipimo hicho hicho, hata katika shule za mbali na Kigali. Anayepuuzwa leo nyumbani, kesho huchukuliwa na wengine.