Kosa Moja, Adhabu Mbili: Je, Ni Haki?

Hapa Zegereni, kama kwingineko, neno hili husikika sana: "Yule kaiba kuku, kafungwa. Yule kala fedha za watu, kalipa faini karudi nyumbani." Watu hunung'unika, na mwisho wengine husema: "Ya nini kumpeleka mwizi mahakamani? Tummalize wenyewe." Hapo ndipo penye hatari. Kumpiga mtu mawe na kumchoma moto hata afe ni kuua, ingawa ni mwizi kweli. Basi yafaa tujue adhabu hupimwaje.

Kwa makosa mengi sheria huweka mpaka wa juu tu, yaani kifungo kisichozidi miaka kadha. Chini ya mpaka huo hakimu hupima mwenyewe: Je, ni kosa la kwanza? Amekiri? Amekaa rumande muda gani? Aliyeibiwa amepata hasara gani? Mathalani, vijana wawili wameiba baiskeli pamoja. Mmoja ana miaka 17, mwenziwe 20. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Kosa moja, adhabu mbili, wala hapana upendeleo.

Wengine watasema: "Hakimu anyang'anywe hiari hiyo!" Jambo hilo lilikwisha jaribiwa. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kima cha chini cha adhabu. Mwizi wa ng'ombe, mla rushwa na wengineo walipewa kifungo kisichopungua miaka 2, pamoja na viboko 24: 12 wakiingia gerezani, 12 wakitoka. Hakimu aliachiwa nafasi ndogo tu ya huruma: liwe kosa la kwanza, mali isizidi shilingi 100, na iwepo sababu ya pekee. Basi aliyeiba vya shilingi 101 kwa sababu ya njaa alikosa nafasi hiyo, sawa na aliyeiba kwa tamaa. Mwaka 1972 sheria ile ilifutwa ikawekwa nyingine. Viboko viliondolewa, vifungo vya chini vikabaki. Hata leo unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, iwe imechukuliwa simu moja au gunia la fedha.

Mwaona basi: kupima tofauti mambo yaliyo sawa ni uonevu, na kupima sawa mambo yaliyo tofauti ni uonevu pia. Dawa si kumfunga hakimu mikono, bali kumtaka aeleze sababu zake. Ndiyo maana Uganda mwaka 2013, Kenya mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2023 zilitoa miongozo ya adhabu, ili mahakimu waanzie mahali pamoja.

Na sisi tuna kazi. Kwanza, twende mahakamani tukasikilize. Mahakama ya Mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili, tena hadharani. Mengi tunayolaumu tumeyasikia kilabuni tu.

Pili, tuseme mapema. Jamaa huja ofisi ya parokia kuomba barua ya huruma wakati ndugu yao amekwisha fungwa. Wamechelewa. Kabla ya kutoa adhabu hakimu humpa mkosaji nafasi ya kusema; ndipo pa kueleza ugonjwa, watoto wadogo, au kwamba mali imekwisha rudishwa.

Tatu, rufani. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya, kwenda Mahakama Kuu aliyehukumiwa atoe taarifa katika siku 10, na alete rufani yake katika siku 45. Mshitakiwa wa Mahakama ya Mwanzo akiachiliwa, mlalamikaji naye aweza kukata rufani.

Basi siku ya hukumu mwombeni karani nakala yake, mkaandike tarehe ukutani. Aliyekaa barazani akinung'unika hata siku ya 31 itampasa kwanza aombe ruhusa na kueleza kwa nini amechelewa.