Somo la Redio: Volti na Mpigo

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: VOLTI na MPIGO. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Vema.

Tuanze na kitu mnachokijua. Redio ndogo hutumia betri kavu nne. Kila betri ina volti 1.5. Zidisheni: 1.5 mara 4 ni ngapi? Ni 6. Basi redio hiyo yataka volti 6. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12, yaweza kuungua. Kila kifaa kina kipimo chake.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Katika kompyuta mna vipande vidogo viitwavyo chipu. Chipu ya kumbukumbu hutunza hesabu na maneno, kama daftari lako. Iko chipu nyingine iitwayo FPGA. Hiyo ni kama shamba lililolimwa lakini halijapandwa: mhandisi ndiye aamuaye ifanye kazi gani. Kampuni ya Xilinx ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1985. Mhandisi akitaka FPGA isome na kuandika katika kumbukumbu, lazima apange mambo mawili.

Jambo la kwanza ni volti. Kumbukumbu ya namna ya DDR3 hutumia volti 1.5, sawa na betri moja ya tochi. Haitakiwi kupungua chini ya 1.425 wala kuzidi 1.575. DDR4, iliyokuja baadaye, hutumia 1.2. Upande wa FPGA unaoungana na kumbukumbu lazima upewe volti zile zile. Angalieni sana hapa: mhandisi akiandika 1.5 katika mpango wake, maandishi hayo hayabadili umeme. Kuandika "debe moja" juu ya gunia hakupunguzi kahawa iliyomo. Kwa hiyo hupima umeme kwa mita kwanza, ndipo huunga kumbukumbu.

Jambo la pili ni mpigo. Watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja hupokezana. Mmoja akikosea mpigo, michi hugongana. Iko DDR3 ipigiwayo mipigo milioni 800 kwa sekunde. Hupokea habari mpigo ukipanda, na tena ukishuka. Mara mbili milioni 800 ni milioni 1,600.

Mpigo ukizidi uwezo wa kumbukumbu, mashine yaweza kusoma vibaya bila kusema neno. Mkulima ameleta kahawa kilo 85. Mashine yaweza kuonyesha kilo 21. Toeni: amepoteza kilo ngapi? Kilo 64, na hakuna moshi wala harufu ya kuungua.

Shikeni tofauti hii. Kosa la mpigo husahihishwa: punguza mwendo, jaribu tena. Kosa la volti laweza kuua chipu mara moja. Ndiyo maana volti hutangulia, mpigo hufuata, nao huanzia mwendo wa chini unaoruhusiwa.

Andikeni majibu katika daftari zenu:

1. Redio ya betri sita yataka volti ngapi?
2. Kwa nini mhandisi hupima volti kabla ya kupanga mpigo?
3. Nyumbani, someni volti zilizoandikwa nyuma ya redio na juu ya chaja. Je, zinalingana?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.