Nyumba Iliyo Rehani na Muhula wa Kuikomboa

Wakazi wengi wa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ukingoni mwa ziwa Kivu usiotengwa na Goma ya Kongo ila kwa vizuizi vya forodha, hupata riziki yao kwa biashara ivukayo mpaka. Na kwa sababu hiyo mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa maradhi ya korona, na tena ardhi ilipotetemeka na kupasua kuta baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, aliyekuwa amejenga kwa mkopo alijikuta hana mapato, au hana nyumba nzima, ilhali deni liko palepale.

Tuseme mfanyabiashara wa Mbugangari, hapo Gisenyi, anadaiwa faranga 9,000,000, naye hulipa 220,000 kila mwezi, kisha miezi minne ikampita. Malimbikizo yake ni 880,000, ukiacha faini na riba yake. Hizo ni fedha ambazo ndugu na jamaa, wakichangishana, huenda wakazipata. Lakini mikataba ya rehani aghalabu huwa na kifungu, kilichofichika katika ukurasa ambao hakuna aliyeusoma siku ya kutia saini, kinachompa mdai idhini ya kuitisha deni zima kwa mara moja pindi mdaiwa anapokiuka ahadi. Na barua ya kuitisha deni hilo ikishaandikwa, anayetaka kuokoa nyumba yake haombwi tena 880,000, anaombwa milioni tisa. Kadhia yote ya haki ya kuurudisha mkopo katika hali yake ya awali imo katika tofauti ya hesabu hizo mbili.

Huko California sheria imelimaliza jambo hili waziwazi: mwenye nyumba aweza kulipa malimbikizo na gharama, mkopo ukaendelea kama kwamba haukukatika, hadi siku tano za kazi kabla ya mnada. Kenya, kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, mdai hana budi kutoa ilani inayoeleza kosa na kiasi cha kulipwa ili kosa lirekebishwe, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Rwanda, sheria ya rehani ya 2009, iliyorekebishwa 2010, ilikusudia zaidi wepesi wa mdai: Msajili Mkuu, ambaye ofisi yake iko katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, humteua msimamizi wa kuiuza mali hiyo bila ya benki kulazimika kushinda kesi kwanza, na mnada wenyewe, uitwao cyamunara, siku hizi hufanyika kwa intaneti, mnunuzi akitanguliza dhamana ya asilimia 5 ya thamani iliyokadiriwa. Siwalaumu waliotunga, kwani benki isiyoweza kuidai rehani yake haikopeshi masikini. Ila wepesi huo umemwachia mdaiwa wakati mchache wa kujitetea.

Basi yafaa mdaiwa aende benki mapema, kabla siku 90 za kuchelewa hazijatimia, maana zikitimia mkopo huhesabiwa kuwa mbovu kwa kanuni za Benki Kuu na uhuru wa meneja hupungua. Aombe taarifa ya maandishi inayotenganisha malimbikizo, faini na salio la deni. Na wakiafikiana kupanga malipo upya, mwafaka huo uandikwe na kutiwa saini na pande zote, pamoja na mwenzi wake wa ndoa aliyeandikwa katika hati ya ardhi, kwa kuwa ahadi ya mdomo iliyotolewa dirishani haimzuii msimamizi wa mnada. Nimesikia watu wakiona haya kwenda, wakangoja mpaka tangazo likabandikwa. Na anayelipa kidogo kidogo baada ya barua ya kuitisha deni zima asidhani kuwa kupokewa kwa fedha zake ni msamaha: benki yaweza kuzipokea, ikazitoa katika deni, na mnada ukaendelea kwa salio lililobaki, isipokuwa imekiri kwa maandishi kwamba imeusimamisha.