Kinga ya Rubela Hudumu kwa Muda Gani?
Mwezi Oktoba 2014, kampeni ya kitaifa ya chanjo ya surua na rubela iliwalenga watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15, wakiwemo wa Karagwe na Kyerwa. Wengi wao sasa ni vijana wa umri wa kuzaa. Dozi moja huwakinga takribani watu 95 kati ya 100, na kinga hiyo hudumu zaidi ya miaka 15, pengine maisha yote.

Rubela ikimpata mama mwanzoni mwa ujauzito, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi au na kasoro ya moyo. Kwa kuwa mjamzito hachanjwi, msichana asiye na hakika kama alichanjwa aulize zahanati kabla ya kushika mimba.