Mbuzi wa Mwenzio, Siku Tatu Tu

Mashua imeshajaa. Mama kijana wa kisiwani Koyama anataka kuvuka kwenda Kismayo na mwanawe mgonjwa, lakini mkononi bado ameshika kamba, na mwisho wa kamba yupo mbuzi jike mwenye mimba, amekaza miguu mchangani kama aliyeonywa. Jirani yake mtu mzima yuko karibu.

"Mama, niangalizie huyu. Siku tatu tu."

"Haya mwanangu, Mungu akufikishe salama."

Kamba inabadili mkono, mashua inasukumwa majini, basi. Hakuna aliyetaja mbuzi huyo hunywa maji ya kisima gani, amezoea majani yapi, anatazamiwa kuzaa lini, wala nani atatoa uamuzi akianguka usiku wa manane. Makabidhiano ya namna hii hufanyika kila siku katika pwani yote, toka Kismayo hadi Ras Kiamboni na kushuka mpaka Lamu. Mara nyingi humalizika kwa shukrani na kipande cha kanga cha zawadi. Yanapoharibika, ukichunguza utakuta yaliharibika palepale ufukweni, kabla tanga halijapandishwa.

Hizo "siku tatu" zenyewe zina neno. Visiwa vya Wabajuni, Koyama, Chovai, Chula na vingine vidogo, vimejipanga mstari kusini mwa Kismayo, na safari ni ya bahari. Kusi likipamba moto, hasa kati ya Juni na Agosti, chombo kidogo hakitoki. Aliyekwenda mjini anasubiri, siku tatu zinakuwa kumi, na huku nyuma mlezi aliyepewa majani ya siku tatu anaanza kubuni.

Hapo kwenye kubuni ndipo mbuzi wengi wanapofia. Si kwa ukatili, kwa ukarimu.

Chukua kisa ambacho daktari yeyote wa mifugo wa pwani atakisimulia hata bila kuulizwa. Kuna arusi mtaani. Sufuria zimebaki na wali, na mlezi anamwona mbuzi wa watu amekonda kidogo. Aibu itamshika mwenyewe akirudi na kumkuta hivyo. Anamwekea sinia zima la wali. Mbuzi anakula mpaka anaramba sinia. Jioni anaonekana mzito. Asubuhi amesimama pembeni, kichwa chini, anasaga meno, na ubavu wa kushoto umetuna. Ukiupiga kwa vidole unalia kama ngoma.

Kilichotokea ni hiki. Mbuzi ana tumbo la vyumba vinne, na chumba kikubwa cha kwanza ni kama pipa la kuchachushia: ndani wanaishi vijidudu mabilioni ambao kazi yao ni kuvunja majani. Vijidudu hao wamezoea chakula kimoja. Majani huyeyuka polepole, mbuzi anacheua, mate yake yanateremka na kupunguza ukali wa asidi. Wali, unga, mahindi au mkate ukiingia kwa wingi na kwa ghafla, wanga huo unachachuka upesi mno. Vijidudu wengine kabisa wanaongezeka na kutoa asidi kali, wale wa majani wanakufa, tumbo linasimama, na mwili unavuta maji kuyapeleka tumboni. Ndani ya siku moja au mbili mbuzi anaweza kufa bila kuumwa na nyoka wala kupigwa na jicho la mtu, ingawa lawama huangukia huko. Akiwahiwa, daktari humnywesha baikaboneti ya soda, ile ya kuokea, kwa kipimo, na kumnyima wanga kabisa. Akichelewa, kinachobaki ni kisu, na swali la nani ana ruhusa ya kukishika.

Swali hilo si geni. Waislamu wengi wa pwani hii ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na kimoja kati ya vitabu vinavyosomeshwa sana huku ni Minhaj ya Imam Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277. Ndani yake umo mlango mzima wa amana, na anayeusoma kwa jicho la mfugaji hushangaa, maana mnyama hakusahauliwa. Aliyepokea amana hadhamini kilichoharibika bila kosa lake. Mbuzi akifa kwa ajali, mlezi halipi. Lakini akiacha kumlisha, analipa. Mwenyewe akiwa ameacha chakula, analishwa hicho; kama hakuacha, mlezi amrudie mwenyewe au wakili wake, na wakikosekana aende kwa kadhi. Mnyama akipelekwa kisimani na mtu mwingine badala ya mlezi, kauli yenye nguvu ni kwamba hilo si kosa. Ila akimpanda bila ruhusa amevunja amana, na tangu hapo lolote litakalompata mnyama liko shingoni mwake. Mwenye kupokea punda wa jirani na kumtwisha mitungi yake ya maji angefanya vyema kusoma ukurasa huo.

Kuna pia lile la usiku. Qurani, katika Suratul Anbiyaa, inataja hukumu ya Daudi na Suleiman juu ya kondoo walioingia shambani mwa watu usiku, na wanazuoni wana kanuni: mchana mwenye shamba alinde shamba, usiku mwenye mnyama amfunge mnyama. Lakini mtu anayekuwa pamoja na mnyama, anamswaga au kumwongoza, anawajibika kwa uharibifu wake wakati wowote, hata kama si wake. Kwa hiyo mbuzi wa dada yako akila mihogo ya mtu huku wewe ndiye uliyeshika kamba, usimtafute dada.

Paka naye ana fungu lake, na hapa mwandishi wa Minhaj anaonyesha kwamba aliwajua paka hasa. Paka akila kuku wa mtu au kitoweo cha mtu, huangaliwa historia yake. Akiwa mwizi anayejulikana, mwenyewe hulipa, usiku na mchana. Akiwa hakuwahi kuiba, hakuna malipo. Yaani sifa ya paka ni jambo la kisheria, na anayekabidhiwa paka ana haki ya kuuliza: huyu ana tabia gani?

Tofauti na mbuzi, paka hamfuati mtu anayemlisha. Ameshikamana na mahali. Kosa linalorudiwa zaidi ni kumbeba paka wa jirani ndani ya kikapu hadi nyumba ya mlezi, mitaa mitatu mbali. Akifunguliwa, anajificha chini ya kitanda siku mbili, hali, kisha usiku wa tatu anatoweka kurudi kwao, ambako mlango umefungwa. Ni afadhali mlezi aende kwa paka. Na paka asiyekula siku mbili tatu si wa kuchekwa kwamba ana madeko, hasa akiwa mnene: mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliziba.

Pwani ina hatari zake ambazo kitabu cha Ulaya hakitakuandikia. Wavuvi wanapotoa samaki kwenye nyavu, bunju hutupwa mchangani, amevimba kama mpira, na mlezi asiyekuwa wa baharini anaweza kumwona ni bahati ya paka. Bunju ana sumu kwenye ini, mayai na ngozi, na kumpika hakuiondoi. Inapooza misuli mpaka ya kupumulia. Matumbo mabichi ya samaki kila siku nayo yana lao, kwa kuwa samaki wa aina kadhaa wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na paka hulipia baada ya majuma kadhaa kwa kuyumba na kutetemeka. Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, inakaa kwenye mkoba wa nyanya: Panadol. Paka akipiga chafya, mlezi mwenye huruma humvunjia nusu kidonge. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Kuku ndio wepesi, watu husema. Ni kweli mpaka uwachanganye. Kuku watano wa jirani wakiletwa kulala banda moja na kumi wa kwako, unachokaribisha huenda ni ugonjwa wa kideri, na kideri kikiingia kijijini hakiulizi mwenyewe ni nani. Chanjo ya matone ya jicho inayovumilia joto, aina ya I-2, hutolewa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuuliza kama wageni wameipata ni jambo la sekunde mbili. Mbuzi wanaotoka bara kuja kulala na mbuzi wa kisiwani huweza kuleta sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ambao shirika la chakula la Umoja wa Mataifa na lile la afya ya wanyama duniani yamejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030. Katika pwani inayoishi kwa mifugo, hofu ya magonjwa ina sababu: homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, Saudi Arabia ilifunga mlango kwa mifugo ya Somalia, ikaufunga tena mwaka 2000, na haukufunguka sawasawa hadi 2009.

Juu ya yote haya watu wanaendelea kupokea kamba. Wana sababu.

Nyuma ya Kismayo, kwa wafugaji wa Kisomali, kumkabidhi ndugu ngamia au mbuzi anayenyonyesha kuna jina lake, irmaansi: mlezi anakamua na watoto wake wanakunywa, mwenyewe anabaki na mnyama pamoja na uzao. Mwenye mifugo mingi anapunguza mzigo, mwenye njaa anapata maziwa, na ukame ukipiga upande mmoja mali yote haiteketei mahali pamoja. Ni bima iliyotembea kwa miguu minne kabla bima haijaandikwa karatasini. Somalia ina ngamia zaidi ya milioni 7, miongoni mwa idadi kubwa zaidi duniani, na si wote wanaolala kwa wenyewe. Kumnywesha ngamia wa watu ni starehe ya kutazama: aliyekaa siku nyingi bila maji anaweza kumaliza lita mia moja kwa muda wa kama dakika kumi, na mlezi aliyechota maji hayo kwa ndoo ana la kusimulia.

Wavuvi wa pwani hii waliwahi kushika kamba ya mfugwa wa ajabu kuliko wote. Chazo ni samaki mwenye kisahani cha kunatia juu ya kichwa, ambacho asili yake ni pezi la mgongoni. Hufungwa uzi mkiani, huachiliwa karibu na kasa, hunata kwenye gamba, na mvuvi huvuta. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar, aliandika habari hiyo kwa Chama cha Zuolojia cha London. Siri iko kwenye kisahani: ukimvuta chazo kwa nyuma anazidi kunata, akisukumwa mbele anaachia. Leo kasa analindwa kisheria Kenya na Tanzania, na ni vizuri hivyo. Ila mtu aliyejua kumtunza samaki hai ili amtumie tena kesho alikuwa mlezi wa daraja la juu.

Kwingineko ulezi huu umekuwa biashara: mjini Seattle, Marekani, kampuni ya Rover ilianzishwa mwaka 2011 kuwakutanisha wenye mbwa na walezi wa kulipwa. Mteja hujaza fomu ya maelezo: chakula gani, saa ngapi, dawa zipi, daktari yupi. Ukitoa malipo, ni yaleyale ya mlango wa amana.

Lakini fomu haina kifungu cha mwaka 1991. Serikali ilipoanguka Mogadishu na vita kufika Kismayo, Wabajuni wengi walivuka kwa vyombo kwenda Kiunga, Lamu, Malindi na Mombasa, na wengine hawakurudi. Minhaj ina maneno hata hapo: mlezi anayetaka kusafiri airudishe amana kwa mwenyewe au wakili wake, akiwakosa, kwa kadhi, akimkosa, kwa mtu mwaminifu. Kuondoka nayo ni kosa, isipokuwa umetokea moto au uvamizi na hakuna wa kumwachia. Uvamizi. Neno hilo liliandikwa karne ya 13, na mtu aliyekuwa na mbuzi wa jirani uani wakati risasi zinalia hakuhitaji kufasiriwa.

Turudi Koyama. Siku ya kumi na moja bahari inatulia, mashua inaingia, na mama kijana anashuka na mwanawe aliyepona. Mbuzi amezaa. Kisheria hakuna mjadala: mwana ni wa mwenye mama yake. Jirani anatoa maelezo aliyopaswa kupewa yeye mwanzoni, moja baada ya moja, bila haraka: anakunywa kisima cha msikitini tu, kile kingine chumvi imezidi, majani ya mkwaju hayagusi, usiku wa kuzaa alilia sana, nikakaa naye. Kamba inarudi mkononi. Mbuzi anafuata hatua kumi, anasimama, anageuka kuelekea uani kwa jirani, ambako wajukuu watatu wamesimama mlangoni wakimwita yule mdogo kwa jina walilompa wao, ambalo mwenyewe hajalisikia bado.