Fahamu: Kwa nini Nairobi hadi New York ni safari ya saa 15?

Ni takriban kilomita 11,800 kwa njia fupi zaidi. Oktoba 28, 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja hadi New York kwa Boeing 787, baada ya Marekani kuidhinisha viwango vya usalama wa anga vya Kenya mwaka 2017. Awali abiria walilazimika kubadilisha ndege njiani, mara nyingi Ulaya au Ghuba.

Kurudi ni haraka zaidi

Kwenda huchukua karibu saa 15. Kurudi hupungua kwa takriban saa moja. Umbali haubadiliki. Tofauti ni upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki: huikabili ndege inayokwenda Marekani na kuisukuma inayorudi.

Kikwazo cha mwinuko

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi, hivyo injini na mabawa hupoteza sehemu ya nguvu, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu huweza kulazimika kupunguza mizigo au abiria. Kuruka usiku, kukiwa na baridi, husaidia sana.

Na saa ya mkononi?

New York iko nyuma kwa saa 7 kuanzia Machi hadi Novemba, na saa 8 miezi mingine. Kule saa 6 mchana wa Julai, Nairobi ni saa 1 usiku.