Simu Inalia, Sauti Haiji

Ninyi mnaosoma somo hili darasani baada ya kulisikia redioni, someni polepole, maana leo mna herufi na namba ngeni kidogo.

Tuseme wewe, mama, uko Tanga, na mwanao yuko Toronto, nchi ya Kanada. Nyumbani umewekewa simu ya mezani inayopita katika intaneti. Unapiga, inalia kwake, anapokea. Unasema, "Haloo, mwanangu!" Yeye anakusikia. Anajibu, lakini kwako kimya. Unaita tena na tena, halafu unaweka simu chini ukidhani mtoto amekasirika, au ni mgonjwa. La, hakukasirika. Sauti yake imepotea njiani, nasi tutazame ilipotelea wapi.

Mnalijua sanduku la posta. Shule nzima hutumia S.L.P. moja. Barua zote huja hapo, na karani huzigawa: hii ya mwalimu mkuu, hii ya mpishi. Intaneti ya nyumbani ni vivyo hivyo. Kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo, kiitwacho ruta, ndicho karani. Kwa watu wa nje, nyumba yako yote ina anwani moja tu. Ndani, ruta hukipa kila chombo anwani yake, mathalan 192.168.1.5. Anwani hiyo ni ya ndani tu. Nyumba nyingi mno duniani zinayo, kama vile kila shule ilivyo na chumba namba 5. Ilibidi iwe hivyo kwa sababu anwani za nje za namna ya zamani hazizidi bilioni 4.3, nazo hazitoshi.

Sasa angalieni kosa. Unapopiga, simu yako hupeleka kwanza barua fupi ya mwito. Ndani yake imeandikwa, "Sauti yako uilete 192.168.1.5." Karani hubadili anwani iliyo juu ya bahasha, lakini bahasha haifungui. Basi barua inafika na simu inalia. Mwanao akisema, simu yake inatii ilivyoambiwa: inapeleka sauti "chumba namba 5", bila S.L.P. Posta gani itakijua chumba hicho? Sauti inatupwa. Na kama simu ya mwanao nayo imeandika anwani ya ndani, hamtasikiana nyote wawili.

Karani huyu ni bawabu pia. Kazi hiyo ya ubawabu huitwa fayawoli. Mgeni asiyeitwa na mtu wa ndani haruhusiwi kuingia. Na hiyo ni tabia njema, msimlaumu. Hukumbuka nani wa ndani amepeleka nini kwa nani, na jibu lake hulipitisha. Lakini kumbukumbu yake ni fupi: pengine nusu dakika, pengine dakika chache. Ndiyo maana simu iliyokaa kimya huacha kulia watu wa nje wanapopiga. Dawa yake ni simu kupeleka salamu ndogo nje kabla bawabu hajasahau.

Dawa ya sauti iliandikwa mwaka 2003, ikaitwa STUN. Kabla ya kupiga, simu yako huiuliza mashine iliyoko nje, "Waniona natoka anwani gani, na mlango namba ngapi?" Jibu hilo ndilo linaloandikwa ndani ya barua. Kisha simu zote mbili huanza kupeleka sauti nje, ili kila bawabu aone kwamba mtu wake ndiye aliyeanza.

Ziko ruta kali zaidi. Hizo hutoa mlango mpya kwa kila anayepelekewa kitu, na jibu la STUN halifai tena. Hapo hapana budi kutumia TURN, yaani mashine ya katikati inayopokea sauti zenu na kuzipitisha. Huchelewesha sauti kidogo, na mwenye mashine hugharamika. Programu za simu ya mkononi kama WhatsApp hufanya mambo haya zenyewe. Simu ya mezani ndiyo huhitaji mkono wa mtu.

Tena, baadhi ya ruta zina karani mjuaji. Hufungua barua na kusahihisha anwani yeye mwenyewe, na mara nyingi huiharibu. Kazi hiyo huitwa SIP ALG. Kwa maoni yangu, ndicho kitu cha kwanza cha kuzima.

Lakini fundi akisema, "Tufungue milango yote," mkatalie. Mlango namba 5060 wa simu hizi hutafutwa na wezi usiku na mchana. Wakiukuta wazi na simu haikulindwa vizuri, huweza kupiga namba za ghali za nchi za mbali, na deni likaandikwa kwako.

Kazi ya nyumbani: nakilini katika daftari herufi STUN, TURN na SIP ALG, ili mzitambue mkiziona katika ukurasa wa ruta au wa simu. Kisha mpigie ndugu yako. Hesabu moja mpaka kumi, naye ahesabu. Andika nani alisikika na nani hakusikika, mlete majibu darasani juma lijalo. Kwa herini.